Nguo za Kushindia

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tuna mafungu mawili ya nguo, hata kama kabatini zimechanganyika: za kutokea, ambazo hupigwa pasi na kusubiri harusi, ibada au kikao, na za kushindia, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya maisha. Za kutokea zina wasifiaji wengi. Za kushindia hazina mtetezi, ilhali fulana, kaptura, dera na kadeti iliyopauka ndizo tunazovaa tunapokwenda dukani, tunapokaa barazani na jirani jioni, na tunapopanda daladala kwenda kumjulia hali ndugu ambaye hana shida na mavazi yetu.

Kwa nguo za namna hii mimi ni mtu wa mitumba, na sababu yangu ya kwanza si bei, ingawa bei nayo naipenda. Fulana mpya ya bei ya chini hupendeza ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Siku inapoingia kwenye beseni ndipo hujulikana kama itasinyaa, itachuja rangi na kuharibu nguo nyingine, au mshono wake wa ubavuni utajizungusha hadi kitovuni. Mtumba umekwisha kupita katika mitihani hiyo yote. Umefuliwa mara nyingi huko ulikotoka, umesinyaa kiasi ulichopaswa kusinyaa, na rangi iliyobaki ndiyo rangi yake. Ikiwa kola bado imekaa sawa baada ya hayo yote, mnunuzi anajua anachokilipia, jambo ambalo hawezi kulisema kuhusu nguo mpya ya bei hiyohiyo.

Hata hivyo, mitumba inahitaji macho. Pale Karume, Ilala, katika soko lililoteketea kwa moto Januari 2022 na ambalo wafanyabiashara walirudi kulijaza, hakuna chumba cha kujaribia nguo. Suruali hupimwa shingoni: unafunga vifungo, unashika kiuno chake kwa mikono miwili na kukizungusha shingoni kama mtandio, na ncha mbili zikikutana kisogoni bila kuvutwa, suruali itakukaa kiunoni. (Wenye shingo nene wajihadhari, kipimo hiki huwapa suruali pana kupita kiasi.) Shati huinuliwa juani ili matundu yajionyeshe, kisha hukaguliwa kwapani na ndani ya kola, kwa sababu huko ndiko jasho la mwenye nguo wa kwanza lilikomaliza kazi yake. Zipu hupandishwa na kushushwa. Mwisho husomwa lebo: ikiwa ni pamba tupu, naendelea na mazungumzo ya bei, ikiwa ni poliesta, kwa joto letu la Februari, narudisha nguo mahali pake.

Bei yenyewe hufuata saa. Mfanyabiashara hununua robota lililofungwa, mara nyingi la kilo 45, akijua aina ya nguo zilizomo lakini asijue hali yake, kwa hiyo kulifungua ni kamari ambayo hulipwa kabla ya kuchezwa. Asubuhi, wenye maduka na wale wanaouza kwa picha mtandaoni huwahi kuchagua zilizo bora, wakazilipia vizuri, wakazifua na kuzinyoosha, na baadaye wakaziuza kwa bei ambayo ingemshangaza aliyefungua robota. Zinazobaki hushuka thamani kadiri jua linavyopanda, mpaka alasiri humwagwa juu ya turubai na kuuzwa kwa buku, au hata jero. Mimi huenda saa za katikati, kwa kuwa sina mtaji wa kushindana na wachuuzi wa alfajiri na sina subira ya kupekua rundo.

Kuna mavazi ambayo mitumba haiyafikii. Kwa wanawake wa nyumbani kwetu hakuna kinachoishinda kanga: doti moja ni vazi la jikoni, shuka, mbeleko ya mtoto na hijabu ya dharura mgeni anapobisha hodi. Nguo za ndani nazo zinunuliwe mpya. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku zile za mitumba, na katika hilo sina ubishi.

Lipo shauri ambalo halinipi raha, nalo ni viwanda. Nchi hii inalima pamba, hasa Simiyu na Shinyanga, na ilikuwa na viwanda vya nguo vilivyotajwa kwa fahari, Urafiki pale Ubungo na Mwatex kule Mwanza miongoni mwao. Lakini hadi leo pamba yetu nyingi huvuka bahari kabla ya kuwa uzi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kufuta nafuu ya ushuru chini ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilibaki na msimamo wake, ikiwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Naiheshimu Rwanda kwa hilo, lakini sidhani kwamba kufunga mlango wa mitumba peke yake kungemfikia mkulima wa pamba wa Bariadi, Simiyu. Nafasi ya fulana iliyotumika ingechukuliwa upesi na fulana mpya ya poliesta iliyoshuka bandarini siku hiyohiyo, na machinga angebadilisha mzigo bila kubadilisha meza. Siku itakapokuja fulana ya pamba ya Simiyu, iliyosokotwa, kufumwa na kushonwa hapa nchini, ikauzwa kwa bei ninayolipa Karume na ikavumilia sabuni ya mche, nitainunua bila kuomba punguzo.