Geti la chuma na chumvi ya Mtwara

Huku Shangani na Mikindani, upepo wa bahari hauanzi kula bati la geti. Unaanzia kwenye weldi. Fundi akishachomelea, agonge ganda lote linalobaki juu ya weldi, apige msasa, kisha apake praima (rangi ya chini ya kuzuia kutu) mara mbili kabla ya rangi. Kupaka juu ya ganda ni kufuga kutu. Bomba la mraba la chini litobolewe matundu ya milimita 6, maji yatoke. Bila hivyo linaoza kwa ndani huku nje linang'aa. Nguzo ziwe na nondo 4 za milimita 12, zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), zimwagiliwe maji siku 7 kabla ya kufunga geti. Wengi hawasubiri: bawaba zinalegea, geti linakwaruza mchanga. Chini ya geti acha nafasi ya sentimita 5. Na bawaba zinataka grisi, jamani, si oili chafu.