Kushusha nitrati kwenye tangi la samaki wa Tanganyika: rezini na mawe ya miguu

Tangi ni la lita 240 na wakazi wake ni Tropheus duboisi, samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika. Wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa meupe. Wakikua kichwa kinakuwa cha buluu na mwili unapata mkanda mweupe au wa njano. Wazuri, ila wakorofi. Ukifuga watatu au wanne, mbabe mmoja anawamaliza wenzake, kwa hiyo inabidi liwe kundi, na kundi la hawa linakula kutwa nzima. Chakula kingi, mavi mengi. Mavi mengi, nitrati juu, yaani ule uchafu wa naitrojeni unaobaki majini mavi yakishavunjwa na bakteria.

Nilipoanza mradi huu, kila wiki nilikuwa nabadilisha nusu ya maji, na kila wiki kipimo cha matone kilisoma 80 kabla ya kubadilisha na 60 baada yake (miligramu kwa lita). Hakuna aliyekufa, lakini rangi zilikuwa zimepauka. Lengo: isizidi 20.

Anza na maji yenyewe

Naishi Dar es Salaam, maji yangu ni ya kisima, na mtaa mzima una vyoo vya shimo. Nikapima maji ya kisima kabla hayajaonana na samaki: 40. Kwa binadamu yanapita, kwa sababu kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 50, ndiyo maana hakuna jirani anayelalamika. Ila piga hesabu. Samaki wangu wanaongeza karibu 20 kwa wiki. Themanini ukiichanganya nusu kwa nusu na 40 unapata 60, na wiki ikiisha umerudi 80. Ningeweza kubadilisha maji hivyo hadi uzeeni.

Ukipima, tikisa chupa ya pili ya dawa kwa nguvu kabla ya kudondosha matone, maana unga wake hutuama chini na jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Tena soma karatasi ya maelekezo: vipimo vingine huhesabu naitrojeni peke yake, na hapo inabidi uzidishe kwa 4.4 ndipo upate nitrati.

Rezini kwa maji mapya

Kwenye maduka ya vifaa vya kusafishia maji kuna rezini, chengachenga za rangi ya kaharabu kama mayai ya samaki. Kuwa makini hapa. Rezini inayouzwa zaidi ni ya kulainisha maji, ambayo inakamata kalsiamu na magnesiamu na haigusi nitrati hata kidogo. Unayotaka ni ile inayokamata chembe zenye chaji hasi: inachukua nitrati, inatoa kloraidi. Ikichoka unailoweka kwenye maji ya chumvi yaliyokolea, unaisuuza, inarudi kazini. Chumvi ya mawe ya sokoni inatosha.

Nimeiweka kwenye ndoo yenye tundu chini, maji ya kisima yanapita taratibu kuelekea kwenye pipa. Yanatoka karibu na sifuri. Kasoro yake ni kwamba ikiwa imetoka kuchajiwa kwa chumvi inakamata pia bikaboneti, ambayo ndiyo inayoshikilia pH (kipimo cha asidi na alkali) isishuke, na samaki hawa wamezoea maji magumu ya pH inayokaribia 9. Kwa hiyo pipa la kwanza baada ya kuchaji nalipima pH, halafu naongeza bikaboneti ya soda kidogo kidogo hadi ikae sawa.

Rezini peke yake ilishusha tangi hadi 40 kabla ya kubadilisha maji na 20 baada yake. Nusu ya safari.

Filta yenyewe inafanya nini?

Wauzaji wanasifia pete za kauri kwamba "zinaondoa nitrati". Kwenye filta ya kawaida, pampu inasukuma maji kwa kasi na oksijeni imejaa tele. Bakteria wa humo wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, basi. Kazi nzuri sana, ila mwisho wake ndio huo huo tunaoukimbia. Bakteria wanaoivunja nitrati na kuitoa kama gesi ya naitrojeni wanahitaji mahali ambapo oksijeni imeisha, waache kupumua oksijeni waanze kupumua nitrati. Ziwa Tanganyika lenyewe lina mahali hapo: chini ya mita 100 hadi 200 hivi oksijeni hakuna tena, na huko nitrati inaliwa.

Kwa hiyo filta kubwa nimeiacha kama ilivyo. Nilichobadili ni sponji tu: naikamua mara nyingi zaidi, ndani ya maji ya tangi, ili mavi yasiozee humo. Pete haziguswi siku moja na sponji. Kwenye pH 9 na nyuzi 25, zaidi ya theluthi ya amonia yote inakuwa ile yenye sumu. Kwenye pH 7 haifiki hata asilimia moja. Ukiwaua bakteria kwenye tangi la Tanganyika, husamehewi.

Bomba la polepole

Hapa ndipo penye raha: mahali pasipo na oksijeni nimepatengeneza mwenyewe. Bomba jipya la PVC la inchi 4, urefu wa mita moja, kofia juu na chini, maji yanaingia chini na kutokea juu. Ndani nimejaza mawe ya kusugulia miguu, yale mepesi ya volkano. Sokoni nilichagua kwa kuyatumbukiza kwenye beseni: yanayoelea nachukua, yanayozama naacha, na ya kutengenezwa kiwandani naacha hata yakielea. Mama muuzaji aliniangalia weee, kisha akauliza, "Mwanangu, kwenu mna miguu mingapi?"

Nyumbani nikayavunja kwa nyundo vipande vya saizi ya karanga, nikayachemsha, nikayaacha ndani ya ndoo hadi yakazama yenyewe. Hewa inatoka kwenye vitundu taratibu, viputo vidogo vidogo. Jiwe linaloelea bado lina hewa ndani.

Koki inaruhusu lita moja kwa saa. Kupima ni rahisi: mililita 100 zitumie dakika sita. Kila siku naingiza kwa bomba la sindano sukari iliyoyeyushwa, chini ya robo kijiko cha chai, kwa sababu bakteria hao wanahitaji kaboni. Ikizidi, ute mweupe unajaa kwenye mpira wa kutolea maji. Mwanzoni maji yaliyotoka yalikuwa na nitriti, kazi nusu nusu, kwa hiyo yote nilikuwa namwagia maua. Nitriti ilipokwisha na nitrati ikasoma sifuri, nikaruhusu yarudi tangini, tena yakidondokea kutoka juu ili yapate oksijeni kwanza.

Pua ni kipimo kizuri. Harufu ya mayai viza inamaanisha maji yanakwenda polepole mno, nitrati imeisha na bakteria wamehamia kwenye salfeti. Fungua koki kidogo. Umeme ukikatika muda mrefu, maji yaliyolala ndani ya bomba namwaga kabla ya kuwasha, na ya filta kubwa vilevile.

Ilipo sasa

Kisima bado 40. Bomba linatoa sifuri. Tangi ni 10 baada ya kubadilisha maji, 20 wiki ikiisha. Dume mkubwa amerudisha buluu yake na amerudia ukorofi wake wote. Kinachonisumbua ni koki, ute unaiziba na kasi inashuka bila mimi kujua, kwa hiyo natafuta pampu ndogo ya matone kama zile za hospitali. Nikiipata ya mtumba kwa bei ya maana, naifunga.