Usiku wa Breki Iliyotangulia

Mwaka 2012, mvua za masika zilipokuwa zikipungua na upepo wa kusi umekwisha kushika, nilikuwa fundi wa pili wa umeme katika kundi la watu watano tuliopewa kazi ya kubadilisha mitambo ya umeme ya kreni moja kongwe katika ghala la chuma huko Changamwe, Mombasa. Kreni hiyo ilikuwa ya kunyanyua tani 20, daraja lake likitembea juu ya reli mbili chini ya paa la mabati, na ilikuwa imeanza kazi kabla mimi sijazaliwa. Dereva wake, mzee wa Likoni aliyekuwa amekikalia kile kibanda miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote pale, alitupokea kwa adabu zote, lakini hakutuficha kwamba yeye haoni kilichoharibika.

Kwetu sisi vilivyoharibika vilikuwa vingi. Mota ya kunyanyulia ilikuwa ya aina ya zamani, yenye pete za shaba kwenye rota, yaani sehemu yake inayozunguka, na brashi za kaboni zinazozigusa, na mwendo wake ulipunguzwa kwa kuupitisha umeme wa rota katika rizista, yaani vizuizi vya umeme, kubwa za chuma zilizopangwa juu ya daraja. Dereva alipousukuma wenzo hatua moja, kontakta moja, yaani swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku, ilijifunga kwa kishindo na fungu moja la rizista likaachwa nje ya mzunguko. Hatua ya pili, kishindo cha pili. Mpaka mota ikafika mwendo wake kamili. Nguvu isiyotumika iligeuka kuwa joto, na siku za kazi nyingi ungeweza kuzikaribia zile rizista ukadhani umesimama kando ya jiko la mahamri. Juu ya hayo, vumbi la kaboni likichanganyika na unyevu wa chumvi unaotoka bandari ya Kilindini hugeuka utando mweusi unaopitisha umeme mahali usipotakiwa. Tulipoipima mota kwa megga, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, asubuhi moja baada ya mvua, usugu wa kihami cha nyaya zake ulikuwa chini ya megaohmu 1, na hicho ndicho kiwango ambacho tulifundishwa kwamba mtambo ukishuka chini yake hauwashwi.

Mpango ulikuwa kuweka inveta, yaani kifaa kinachoupokea umeme wa volti 415 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, kikaugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja, kisha kikautengeneza upya kwa mizunguko mingi au michache kadiri dereva anavyotaka. Hapo mota haihitaji rizista za kuipunguza mwendo, kwa sababu umeme wenyewe ndio unaokwenda polepole. Wenye ghala walitaka tuibakize mota ya zamani, tuzifunge pete zake pamoja na kuendelea nayo, jambo ambalo hufanyika na huokoa fedha. Mhandisi wetu alikataa, nami hadi leo naona alifanya vyema. Inveta haitoi umeme laini kama wa gridi. Huukatakata kwa mapigo makali maelfu ya mara kila sekunde, na mapigo hayo yakipita katika kebo ndefu hurudi nyuma kama wimbi lililogonga ukuta, hata volti 580 hivi za ndani ya inveta zikaweza kukaribia maradufu kwenye ncha za mota. Kebo yetu, kutoka kwenye paneli hadi kwenye kitoroli, yaani kigari cha juu ya daraja kinachobeba mota, ilikuwa na urefu wa mita 30 na zaidi. Nyaya zilizokwisha kuchoka kwa chumvi zisingelihimili hilo. Mota mpya ilinunuliwa, isiyo na brashi, yenye feni inayojitegemea ili isichemke inapozunguka polepole, na enkoda mkiani ya kuiarifu inveta imezunguka kiasi gani.

Kazi ya kuvunja na kufunga ilichukua majuma mawili, na sina la kusimulia juu yake ila jasho. Jambo moja tu nilitaje, kwa kuwa ndilo lililotuponza. Breki ya ngoma ya kamba, iliyofunguliwa kwa sumaku-umeme na kujifunga yenyewe kwa springi, ilikuwa nzima, tukaiacha. Hapo zamani ilikuwa imeunganishwa sambamba na mota: mota ikipata umeme, breki nayo inapata. Kwa kuwa sasa umeme wa mota ungekuwa unabadilika kila wakati, tuliipa breki kontakta yake yenyewe, na mmoja wetu, ambaye ninamfahamu vizuri kwa kuwa alikuwa mimi, akaichukua amri ya kontakta hiyo moja kwa moja kutoka kwenye wenzo wa dereva, kwa sababu waya ulikuwa tayari pale na ulikuwa mfupi.

Majaribio yalifanyika usiku wa Jumamosi, ghala likiwa tupu. Tulianza na tani 5, kreni ikapanda na kushuka kimya, mpaka vijana wakaanza kupongezana. Tukaongeza hadi tani 15. Mzee aliupandisha mzigo kimo cha mtu, akausimamisha, akangoja, kisha akausukuma wenzo hatua ya kwanza ili aendelee kupanda. Mzigo ukashuka. Haukuanguka, ulishuka kama shibiri moja, ukadakwa, ndipo ukapanda kama ulivyoamriwa. Kijana aliyekuwa karibu aliruka nyuma hadi ukutani.

Mhandisi alishuka na kompyuta yake, akaanza kuongeza na kupunguza namba: muda wa kuongeza mwendo, kiwango cha mkondo, kila alichoweza kukigusa. Tulirudia mara tatu, na mara tatu mzigo ukateleza. Mzee alitoa kichwa dirishani, akaniita mimi, si mhandisi.

“Mwanangu, breki yatangulia.”

Nikamwomba afafanue.

“Nasikia breki ‘ko!’, kisha ndipo mota yaanza kulia. Zamani vyalia pamoja. Sasa mota yaja nyuma.”

Nilipanda ngazi, nikasimama karibu na kitoroli, nikamwomba afanye tena kwa ndoano tupu. Ilikuwa kama alivyosema: kishindo cha sumaku, pengo fupi lisilofika hata nusu ya pumzi, kisha mlio mwembamba wa mota. Mota ya aina hii haiwezi kushika mzigo mpaka inveta iijaze usumaku kwanza, na hilo huchukua sehemu ya sekunde. Katika sehemu hiyo, kwa waya wangu mfupi, breki ilikuwa imekwisha kuachia na tani 15 hazikuwa na wa kuzishika. Tani 5 zilikuwa nyepesi mno kutuonyesha.

Dawa yake haikuwa katika kompyuta. Tulizima swichi kuu, tukakaa chini. Mzee aliuliza mbona tumeketi ilhali kazi ipo. Nikamweleza kwamba ndani ya inveta mna kapasita zinazobaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa, na ni lazima zipewe muda. Tukangoja dakika kumi, nikapima kwa mita hadi nikaona sifuri, ndipo nikaung'oa ule waya na kuipitisha amri ya breki katika relei, yaani swichi ndogo ya amri, ya inveta yenyewe, iwe breki haifunguki mpaka inveta ithibitishe kwamba mota imekwisha kuubeba mzigo, na isimamapo, mota iushike mzigo kwanza, breki ijifunge, ndipo mota iachie. Swichi ya dharura tu ndiyo tuliyoiacha na uwezo wa kuifunga breki papo hapo bila kumuuliza mtu.

Tulinyanyua tani 15 tena, kisha 22, ambazo ni asilimia 110 ya uwezo wa kreni, mzee akausimamisha mzigo katikati ya hewa na kuuondosha tena mara nyingi kuliko tulivyomwomba. Mzigo haukuteleza. Adhana ya alfajiri ilikuwa inasikika wakati mhandisi anaandika katika daftari la kazi: “Mpangilio wa breki umerekebishwa.” Aliponipa nitie sahihi, niliongeza mstari chini yake: “Kosa liligunduliwa na dereva.”

Mzee alikuwa ameshuka, akasoma juu ya bega langu.

“Dereva yupi?” akaniuliza. “Hapa tuko watatu.”

Nikalifuta neno hilo, nikaandika jina lake kamili, na la baba yake, kama alivyonitajia.