Eddy Marufuku

"Baba, kwani Eddy anaruhusiwa?" Mwanangu aliniuliza Jumapili, pedi ya gemu ya kupigana mkononi, nikakosa la kumjibu.

Nina mdogo wangu, siku hizi amehamia Kongwa. Mkono wake wa kushoto haukuwahi kuwa na nguvu. Mwaka mmoja, pale Majengo, upepo wa Dodoma ukitupuliza vumbi hadi ndani ya banda la gemu, gemu ya kupigana ya Tekken 3 ilikuwa imetuteka sote. Namco waliitoa 1997 kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, 1998 ikaingia PlayStation. Kwetu ilifika imechakaa, diski imejaa mikwaruzo, mechi moja shilingi 50.

Uzuri wake niliujua kwa vidole. Kila kitufe ni kiungo: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Ukimrusha mtu hewani hawezi kujikinga. Unampokea kwa ngumi kabla hajagusa chini. Nilihangaika wiki nzima na mikamato ya King, yule mcheza mieleka mwenye kinyago cha jagwa. Kasoro ya gemu hiyo ilikuwa Eddy Gordo, Mbrazili wa kapoera, mapigano ya mateke yanayofanana na ngoma. Bonyeza mateke ovyo ovyo, anajipindua, anafagia, na aliyejifunza anaonekana hajui kitu.

Siku moja mdogo wangu alimchagua Eddy, akailaza pedi gotini, akaikandamiza kwa ule mkono dhaifu, kidole gumba cha kulia kikaanza kazi. Vitufe vya mateke viko jirani. Nilimkamata mara mbili, nikambwaga. Kisha Eddy akaenda chini, miguu ikaja kama feni. Nikikinga juu, anafagia. Nikichuchumaa, kisigino kinashuka utosini. Pembeni nilisikia pumzi za mdogo wangu, fupi fupi, kama za mtu anayekimbia. Nikaanguka. Hakushangilia. Alinitazama kwa uso ambao nyumbani sikuwahi kuuona, akasema taratibu, "Kaka, nimekufunga."

Akawafunga wengine wanne. Jioni wakubwa wa banda wakapiga kura: Eddy marufuku, hana ufundi. Nami nilinyoosha mkono.

Mdogo wangu hakurudi tena bandani.

Kwa upande wa ufundi, bado naamini tulikuwa sahihi. Ila katika wapiganaji wote wa gemu ile, sikumbuki mwingine ambaye kidole gumba kimoja kingemtosha.