Besi na mistari mitano: kumbukumbu ya mradi wangu wa kusoma nota

Wiki ya 1

Naimba besi katika kwaya ya parokia, hapa Morogoro, huu mwaka wa 11. Sol-fa naijua tangu ujana: d r m f s l t, nukta mbili kutenganisha mapigo, nukta moja kukata pigo katikati, kistari kuendeleza sauti. Tatizo ni kwamba nyimbo nyingi zinazotufikia siku hizi kwa simu zimeandikwa kwa mistari mitano peke yake, bila sol-fa chini. Basi sisi wa besi hukaa tukisubiri mpiga kinanda awagongee soprano, kisha alto, kisha teno, ndipo atufikie, na saa nyingine giza limeshaingia.

Nimeamua kujifunza. Lengo: kufikia Pasaka nishike karatasi nisiyowahi kuiona, niimbe sauti ya besi bila kugongewa. Nimenunua daftari na rula, mistari naichora mwenyewe.

Nisieleweke kwamba naidharau sol-fa. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao mahadhi yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, aliuandika kwa sol-fa.

Wiki ya 2

Wiki hii ndiyo iliyonifungua macho. Ile alama kubwa iliyojikunja mwanzoni mwa mistari ya soprano nilikuwa naiona kama pambo. Kumbe ni herufi G, iliyoandikwa na kuandikwa upya kwa mikono ya wanakili mpaka ikapata mikunjo ile. Mkunjo wake unauzunguka mstari wa pili kutoka chini, na huo mstari ndio G. Ya kwetu besi ni herufi F. Vile vidoto viwili ni mabaki ya mikono miwili ya F, na mstari unaopita katikati yake, wa nne kutoka chini, ndio F.

Zaidi ya miaka 900 iliyopita Guido wa Arezzo, mtawa Mbenedikto wa Italia, alieleza jinsi ya kutia rangi mstari wa F uwe mwekundu na wa C uwe wa njano, ili mwimbaji asipotee. Ndiye pia aliyezichukua ut, re, mi, fa, sol, la kutoka mwanzo wa vipande vya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambamo kila kipande huanza sauti moja juu ya kilichotangulia. Ut baadaye ikawa do. Ti tunayoimba sisi ilikuwa si, ikabadilishwa Uingereza katika karne ya 19 ili herufi yake isigongane na s ya sol.

Kwa hiyo d-r-m yangu na mistari mitano vimetoka nyumba moja. Nilipolielewa hilo, woga ulipungua sana.

Wiki ya 3

Maneno ya Kiitalia. Hapa nina jambo la kwaya yetu. Mwalimu akisema "hapo polepole", nusu yetu hupunguza sauti na nusu hupunguza mwendo, halafu tunalaumiana. Kosa si la mtu: Kiswahili chetu kinaruhusu yote mawili, maana unaweza kumwambia mtu aseme polepole mtoto amelala, na ukamwambia dereva aende polepole. Nimefurahi kugundua kwamba neno piano la Kiitalia liko vilevile kabisa. Huko mtaani kwao hubeba sauti ndogo na mwendo wa taratibu. Ila kwenye karatasi ya muziki limefungwa kwenye maana moja: p ni sauti ndogo, mwendo haubadiliki. Mwendo ukitakiwa kupungua, utaona rall. au rit.

Nilimweleza mwalimu baada ya mazoezi. Akanisikiliza mpaka mwisho, na Jumamosi iliyofuata akasema "sauti ndogo, mwendo uleule". Tuliimba ule ubeti vizuri kuliko nilivyowahi kuusikia.

Mengine niliyapitia haraka: mf ni nguvu ya wastani, D.C. ni kurudi mwanzo, D.S. ni kurudi kwenye ile alama ya S iliyokatwa, Fine ni mwisho. Hayo hukaa kichwani yenyewe.

Wiki ya 4

Msiba kwa jirani. Sikugusa daftari.

Wiki ya 5

Nimepata kitu ambacho natamani kila mwimbaji wa sol-fa angeambiwa siku ya kwanza. Mwanzoni mwa mistari, baada ya ufunguo (ile herufi G au F), huwa kuna shapu (alama ya kupandisha nota nusu hatua) au flati (ya kuishusha nusu hatua) kadhaa. Ukitaka kujua do iko wapi: kama ni shapu, ya mwisho kulia ni t, basi do iko juu yake tu. Kama ni flati, ya mwisho ni f, hesabu kushuka f, m, r, d. Kama hakuna kitu, do ni C. Kwa nyimbo zetu nyingi, ambazo si za huzuni, inatosha.

Do ikiwa G, mistari mitatu ya chini ya besi inasomeka d, m, s. Nimeichora ukurasa mzima.

Wiki ya 6

Herufi C panapokaa hesabu ya mapigo. Nilikuwa nimeambiwa ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "kawaida". Sivyo. Hii, tofauti na zile nyingine, inaonekana herufi na si herufi: ni duara lililokatwa. Zamani duara kamili lilionyesha mgawanyo wa tatu, uliohesabiwa kuwa mkamilifu, na lililokatwa likaonyesha mgawanyo wa mbili. Leo husomwa mapigo manne.

6/8 bado inanisumbua. Nahesabu sita, wimbo unakuwa mzito. Mpiga kinanda ameniambia, "Kaka, hesabu mawili makubwa, kila moja lina matatu ndani yake." Naijaribu nikitembea kwenda kazini, hatua moja kwa pigo moja kubwa.

Wiki ya 8

Jumamosi tumepewa wimbo mpya wa Mwanakondoo. Flati moja, ya B, kwa hiyo f. Do ni F, mstari wa nne, katikati ya vidoto. Nilianza kuimba kwa sauti ndogo kabla kinanda hakijatufikia. Baa (kipande kati ya mistari wima) ya kwanza, ya pili, mpaka ya 12 bila kusimama. Wenzangu wawili wakaanza kunifuata.

Baa ya 13 tukaimba f, na kinanda kikatukataa. Nikatazama tena: mbele ya nota ile ya B palikuwa na kialama cha mraba chenye miguu miwili. Flati yenyewe ilikuwa herufi b ya duara, na hii ndiyo b ya mraba, inayoiondoa flati. B imerudi juu nusu hatua.

"Ni fe, f iliyopanda nusu hatua," nikawaambia. Tukarudia kutoka baa ya 9.