Nilivyompata babu aliyetoka kwenye mkonge akaingia vitani

Kaka yake babu yangu aliondoka Njombe akiwa kijana, akaenda Tanga kukata mkonge. Manamba, yaani kibarua wa mkataba, kama vijana wengi wa Ubena wakati ule. Hakurudi. Nyumbani ilijulikana tu kwamba alitolewa shambani akaingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akafia Bama (Burma, Myanmar ya leo). Shangazi peke yake alishikilia kuwa alikufa maji, na baba zangu wadogo walikuwa wakimcheka: Bama watu walikufa kwa risasi na malaria, maji yametoka wapi?

Nilianzia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta jina ni bure. Nikachagua kikosi cha King's African Rifles (KAR), maana huku kwetu kila aliyevaa kaki ya Mwingereza huitwa askari wa Keya. Hola. Nikaachana na kikosi, nikabaki na jina, nikiliandika kila namna ambayo karani wa Kizungu angeweza kulisikia: l ikawa r, irabu ya mwisho ikadondoka. Ndipo akatokea, jina la baba yake likifuata la kwake. Kikosi: East African Artillery. Tarehe: 12 Februari 1944.

Nikaitafuta tarehe. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kumbe Bama hakufika. Anakumbukwa kwenye mnara ulioko makaburi ya vita Nairobi.

Nilichapisha ukurasa ule nikampelekea shangazi. Hakushangaa hata kidogo; alitaka tu nirudie kuusoma mbele ya wadogo zake.

Kazi ikawa kaburi. Baba mkubwa alikataa katakata kujenga kaburi lisilo na mtu, na sikuona sababu ya kubishana naye. Tulikubaliana jina lichongwe kwenye kaburi la baba yake, chini ya jina la mzee, kwa tahajia yetu si ya karani, pamoja na tarehe na neno "baharini". Padri alikuja kuombea. Fundi alikuwa hajaosha hata mwiko, baba mdogo akaniuliza kama serikali ya Uingereza bado inadaiwa mshahara wake.