Kutu ya Bati la Bibi

Mwaka jana wajomba zangu waliamua kuezua nyumba ya bibi kule Kigamboni na kuiwekea mabati mapya ya rangi. Ya zamani yalikuwa yameshaliwa na upepo wa bahari, mengine ukiyagusa yanamomonyoka mkononi. Mimi nimekulia chini ya paa lile. Kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajayabeba, nilikaa uani asubuhi nzima nikiyapiga picha, nikajiapiza kwamba nitayachora.

Nimefundishwa kuchora kwa rangi ya mafuta ya kopo, hii hii ya kupaka milango na madirisha, ambayo wachoraji wa Tingatinga wanaitumia tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni rangi nzuri sana kwa ndege na samaki, maana inang'aa. Kutu haing'ai. Nilichanganya kahawia, njano na nyekundu kwa wiki mbili, na kila nilichopata kilikuwa ukuta uliopakwa rangi ya udongo. Ndipo nikaona nisiichore kutu, niioteshe.

Nikapanda pantoni hadi mjini, nikaenda Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea.

"Shikamoo fundi. Naomba hilo vumbi la grenda hapo chini."

"Marahaba. La kazi gani?"

"Nataka kuliotesha kutu kwenye picha."

"Sisi huku tunaikimbia, wewe unaitafuta!" Akanijazia kopo zima la maziwa ya unga, hakutaka hela.

Vumbi lile lina mchanga wa jiwe la kukatia ndani yake. Nilifunga sumaku kwenye mfuko wa nailoni, nikaipitisha juu, chuma kikanasa na mchanga ukabaki. Ukigeuza mfuko ndani nje, chuma chote kinaanguka kikiwa safi. Vaa barakoa unapofanya hivyo. Unga ule ni mwepesi na unaingia puani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuukoroga unga huo kwenye rangi ya mafuta niliyoizoea. Nikanyunyizia maji ya chumvi, nikangoja siku nne. Hakuna kitu. Kutu inataka chuma, maji na hewa vikutane, na rangi ya mafuta ilikuwa imeifunika kila punje kama ngozi. Nikaanza upya kwa rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji. Safari hii sikukoroga: nilipaka rangi, na ikiwa bado mbichi nikaunyunyiza unga juu kama mtu anayetia unga wa ngano kwenye kibao cha kusukumia chapati. Ilipokauka nikaipitishia msasa laini kidogo ili chuma kibaki wazi.

Mawimbi ya bati niliyapata kwenye maboksi. Ukililowesha boksi na kubandua karatasi ya juu, unakuta migongo ya ndani imejipanga kama bati lenyewe. Niliigandisha kwenye plaiwudi kwa gundi nyeupe, nikaipaka akriliki mara mbili ili isilowe. Sikutumia kitambaa cha kuchorea, kwa sababu kutu na siki hula pamba, na baada ya miaka kitambaa huchanika.

Kisha nikarudi kwenye picha zangu za simu, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kutu ya bati haianzi popote tu. Bati limepakwa zinki, na zinki ikiwa nzima chuma kiko salama. Inaanza kwenye misumari, kwenye kingo zilizokatwa na pale bati moja linapolalia jingine maji yakatuama. Kutoka kwenye msumari inateremka mchirizi mwembamba, juu mweusi, chini rangi ya chungwa, mwisho njano iliyofifia. Kwa hiyo unga niliuweka mwingi kwenye vichwa vya misumari na kwenye viungo, kwingine nikaacha kijivu. Nikaisimamisha picha ukutani na kupulizia siki iliyotiwa chumvi, matone yakateremka yenyewe. Baada ya hapo nikapulizia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Povu dogo likatoka, na mbele ya macho yangu kijivu kikageuka chungwa. Nilisimama pale nimeshika chupa kama mtu aliyeitwa jina. (Fanyia nje, vaa glavu, usichanganye siki na peroksaidi kwenye chupa moja, na dawa ya kufulia yenye klorini usiisogeze kabisa karibu na siki.)

Siku ya tatu nikampelekea bibi. Akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mawimbi.

"Mjukuu wangu, na lile tundu la juu ya jiko? Mbona silioni?"

Alikuwa sahihi. Miaka yote masika yakija tulitega sufuria chini yake. Nikamwambia sina weusi unaofanana na ule wa pembezoni mwa tundu, kila rangi nyeusi inaonekana imebandikwa.

"Tia chai. Chai ikikaa kwenye sufuria ya kutu si inakuwa nyeusi?"

Akanimiminia chai ya rangi nzito, iliyobaki asubuhi, bila sukari. Nikadondosha kwa brashi kuzunguka tundu nililolitoboa kwa msumari wa paa lile lile. Kutu ikaanza kugeuka: kwanza zambarau iliyokolea, kisha nyeusi ya wino.

Jioni nikaisafisha picha kwa maji yenye baking soda kidogo kuua siki, halafu maji matupu mara mbili kutoa chumvi, maana chumvi ikibaki inavuta unyevu na kutu inaendelea kula chini ya vanishi. Nikaiacha ikauke wiki nzima, ndipo nikaipaka vanishi isiyong'aa, mikono miwili myembamba. Sasa imetundikwa sebuleni kwa bibi, chini ya mabati mapya ya bluu.